Gari Lako Limeshushwa? Soma Hii Kabla Hujapakia Mzigo wa Mteja

Leo hatuzungumzii picha za bidhaa wala namna ya kujibu wateja wanaouliza bei halafu wanapotea. Leo tunazungumzia gari. Najua wengi wetu tukishapata visenti kidogo tunanunua saluni ya zamani, Corolla, Carina au Mark II, tunaifanya gari la familia na gari la kupeleka oda kwa wakati mmoja. Kama wewe ni mmoja wao, kaa hapa dakika kumi. Haya mambo nimeyalipia mimi, wewe yapate bure.

Mimi nauza vyombo vya nyumbani: sahani, mabakuli, seti za chai, majagi. Nachukua Kariakoo, napiga picha nyumbani Mbagala, nauza mtandaoni. Zamani nilikuwa natumia bodaboda na bajaji, lakini vyombo vya udongo na boda ni maadui. Nikajibana, nikanunua Corolla 110.

Gari lilikuwa limeshushwa. Limelala chini, ringi zinang'aa, tairi zimeingia ndani ya madigadi. Kijana aliyeniuzia akaniambia, "Dada, hii gari ya kijanja, utaringa nayo." Bei yake ilikuwa chini kwa laki nne kuliko Corolla nyingine nilizoziona. Nikaona nimepata. Sikuuliza kwa nini.

Ijumaa ya sahani

Mwezi wa pili nikapata oda kubwa. Mama mmoja wa Goba alikuwa na sendofu ya binti yake Jumamosi, akataka seti 10 za sahani. Nikafunga vizuri, magazeti katikati ya kila sahani, maboksi nikayabana kwenye buti yasicheze. Mengine nikaweka kiti cha nyuma. Ijumaa mchana nikaondoka.

Kila tuta nililopita, nyuma ilikuwa inagonga. Du! Si mlio wa gari kuguswa chini, ni mlio wa chuma kugonga kitu kigumu. Nikapunguza mwendo, bado. Nikasema labda ni mzigo.

Kufika Goba tukafungua buti. Maboksi matatu yalikuwa yanalia ndani kama kopo la sarafu. Yule mama hakupiga kelele, aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, shughuli ni kesho." Hiyo iliniuma kuliko angenitukana.

Niligeuza gari nikarudi Kariakoo jioni hiyo hiyo, nikanunua seti tatu kwa bei ya rejareja, na usiku nikazipeleka. Faida ya oda nzima ikaishia pale.

Fundi aliniambia nini

Jumatatu nikampelekea mzee mmoja fundi wa Temeke ambaye ndugu zangu wanamwamini. Akapiga jeki upande wa nyuma, akaweka stendi, tairi likaning'inia. Akaingiza mkono, akaishika springi, akaitikisa. Ikacheza! Springi ya gari haitakiwi kucheza mkononi.

Akaniita niangalie. Mwisho wa waya wa springi ulikuwa umekatwa na grainda, una makali. Akaniambia, "Mwanangu, hili gari halikushushwa. Limekatwa miguu."

Akanieleza kitu ambacho nataka na wewe ukijue, maana hata wauzaji wengi wa spea wanakichanganya:

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebi gari, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya kupita shimo. Na kwenye fimbo ya shokapu kuna raba nene, ambayo gari likishuka sana inagusana nayo kabla chuma hakijagonga chuma. Ile raba ni ya dharura, haikuwekwa gari litembelee juu yake kutwa nzima.

Sasa, gari langu likiwa tupu lilikuwa tayari limeikaribia ile raba. Nikipakia maboksi, nafasi ya kushuka inakwisha kabisa. Kila tuta, pigo lote linapita moja kwa moja kwenye bodi, na kutoka kwenye bodi kwenda kwenye sahani za watu. Ndiyo ile du! niliyokuwa naisikia. Magazeti yangu yasingeweza kushindana na hilo.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaijui. Springi ikikatwa inakuwa fupi, na pia inakuwa ngumu zaidi. Chukulia springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi. Ukikata mmoja, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20. Ukikata miwili, unaongezeka kwa asilimia 50. Shokapu yenyewe imebaki ile ile, ilitengenezwa kwa springi ya kiwandani. Haiwezi kuituliza springi ngumu namna hiyo, kwa hiyo gari linadunda, na shokapu inachoka mapema. Zangu mbili za nyuma zilikuwa zimeshaanza kuvuja oili.

Na ile springi kucheza tairi likiwa linaning'inia si kero tu. Ukipita shimo kubwa kwa kasi, springi inaweza kutoka kwenye kikalio chake. Hapo hatuzungumzii tena sahani, tunazungumzia roho za watu.

Kuna wengine hawakati, wanaichoma springi kwa gesi mpaka ilegee na kushuka. Hiyo ni mbaya vile vile. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto la kupimwa ili kiwe na nguvu ya kurudi. Ukikichoma ovyo, nguvu ile inapotea, kinaweza kuendelea kulala au kuvunjika.

Daftari halidanganyi

Nikakaa chini nikaandika. Hizi ni bei nilizolipa mimi, kwenu zitakuwa tofauti:

Springi nne za used zenye urefu wa kiwandani: 160,000
Shokapu nne: 480,000
Raba na maunti za juu za shokapu: 90,000
Ufundi: 80,000
Alaimenti: 40,000
Tairi mbili za mbele zilizokuwa zimelika upande wa ndani: 220,000
Sahani za mama wa Goba: 135,000

Jumla: 1,205,000.

Nilifurahia punguzo la laki nne nikalipa milioni moja na laki mbili. Biashara gani hiyo?

Ndipo nikaelewa kwamba miguu ya gari ni sehemu ya ufungashaji wako. Unaweza kununua boksi zuri, ukaweka nailoni ya mapovu, ukaandika "Vyombo, shika taratibu". Kama gari halina nafasi ya kushuka na kupanda, umefanya kazi bure.

Ukaguzi wa dakika kumi kila wiki

Huhitaji kuwa fundi. Mimi nafanya Jumapili asubuhi gari likiwa tupu, sehemu tambarare.

1. Pima urefu. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya ringi mpaka ukingo wa digadi juu yake. Fanya kwa tairi zote nne, andika kwenye daftari. Ukiona kushoto na kulia kwa ekseli moja kumepishana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, au namba zinapungua mwezi hadi mwezi, springi inalala au imevunjika.

2. Bonyeza kona. Sukuma kona ya gari chini kwa nguvu, uachie. Ikipanda na kutulia, sawa. Ikiendelea kudunda mara mbili tatu, shokapu imechoka. Ila ujue, shokapu inaweza kufaulu mtihani huu na bado ikawa imechoka kiasi, kwa hiyo usiishie hapa.

3. Tafuta oili. Piga tochi kwenye mwili wa shokapu. Vumbi kavu ni kawaida. Oili iliyoshika vumbi ikawa kama tope, hiyo inavuja.

4. Pitisha kiganja kwenye tairi, taratibu, nyaya zisikuchome. Tairi lenye mabonde mabonde linaonyesha shokapu haishiki barabara vizuri. Tairi lililolika ndani tu au nje tu linadai alaimenti, au kuna bushi au boljointi imekwisha.

5. Sikiliza. Zima redio, pita barabara ya vumbi yenye vishimo vidogo. Ko-ko-ko ya haraka haraka mara nyingi ni stabilaiza linki au bushi zake. Mlio mzito kwenye tuta unaweza kuwa maunti ya juu ya shokapu au boljointi. Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta, huo ni sivi jointi. Boljointi usiisubirishe hata siku moja. Ikichomoka tairi linalala na gari halishikiki.

Ukienda kwa fundi, haya yasimame

Badilisha shokapu na springi kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Ukibadilisha moja, gari litavuta na breki zitakuwa na upande.

Springi ibanwe kwa kifaa chake maalum cha kubania. Nimeona watu wanafunga kwa waya au kamba. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, ikifyatuka haichagui. Ukiona kamba, chukua gari lako uondoke.

Mtu asiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Stendi ni lazima.

Bushi za mikono ya chini zikibadilishwa, nati zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Zikikazwa tairi zinaning'inia, raba ya ndani inakaa imejisokota muda wote na itachanika mapema. Hii fundi wengi wanaipuuza, halafu unaambiwa bushi ni feki.

Baada ya kugusa springi, shokapu au tairodi, nenda alaimenti. Usiseme utaenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi tairi litakuwa limeshalika.

Sasa wewe unayependa gari lilale

Sikatai. Gari lililoshushwa vizuri linapendeza, na likiwa chini kidogo halilali sana kwenye kona. Mdogo wangu anauza nguo mtandaoni na ana Mark II GX100. Baada ya kuona yaliyonikuta alikuja kuniuliza kama auache mpango wa kuishusha. Nikamwambia tuanze na swali moja: gari lako linafanya kazi gani?

Yeye anabeba mifuko ya nguo, myepesi, na njia zake nyingi ni lami. Mimi nabeba udongo na vioo, na nusu ya wateja wangu wanakaa kwenye barabara za vumbi. Jibu lake na langu haliwezi kuwa moja. Yeye alishusha, mimi nilipandisha kurudi kwenye urefu wa kiwandani. Lakini alishusha kwa utaratibu huu:

Springi zilizotengenezwa fupi. Alitafuta springi za kushushia za gari lile lile, zinazoshusha kama sentimita 3. Hizi zimeundwa fupi na ngumu kwa kipimo, na tairi likining'inia bado zinabaki zimebanwa kwenye kikalio chake. Kuna na koilova, ambazo springi na shokapu zinakuja pamoja na urefu unarekebishwa kwa spana. Za used zipo sokoni, ila kagua uvujaji, na ujaribu kama zile nati za kurekebishia bado zinazunguka. Zikishakamatwa na kutu, umenunua koilova isiyorekebishika.

Shokapu zinazoendana. Shokapu iliyochoka usiifungie springi mpya ngumu, unaiua. Kwanza matengenezo, ndiyo mashushio. Bushi, boljointi na maunti ziwe nzima kabla hujafikiria urembo.

Alaimenti palepale. Gari likishuka, pembe za tairi zinabadilika. Mara nyingi tairi linalala, juu linaingia ndani, na uelekeo wa tairi za mbele unahama. Ndiyo maana magari mengi yaliyoshushwa yanakula tairi upande wa ndani na mwenye gari haoni mpaka nyaya zitoke.

Jaribio la mzigo. Alipakia mzigo wake wa kawaida, akakaza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, akapita tuta taratibu. Tairi likigusa digadi hapo, barabarani litapasuka.

Taa. Ukishusha mbele na nyuma kwa vipimo tofauti, taa zinaangalia kwingine. Zirekebishwe.

Springi za asili hakuzitupa. Amezifunga kwenye kiroba, zipo stoo. Siku akiuza gari, mnunuzi makini atazitaka. Na siku biashara ikigeuka akaanza kubeba vitu vizito, anazirudisha.

Vile vile, kama una bima kubwa, iarifu kampuni yako ya bima kwamba umebadilisha gari, na upate jibu kwa maandishi. Usisubiri ajali ndiyo muanze kubishana.

Na wale wanaofanya kinyume, wanaweka spesa juu ya springi ili gari linyanyuke libebe zaidi: spesa inaongeza urefu, haiongezi nguvu. Springi ni ile ile. Gari linaonekana liko juu, lakini uwezo wake wa kubeba haujabadilika hata kilo moja.

Kwani saluni inabeba kilo ngapi?

Swali zuri, na jibu lake unaweza kuwa nalo ndani ya bahasha ya gari. Magari yaliyotoka Japani huja na cheti cha kusafirishia nje chenye uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Wajapani wanahesabu kila abiria kilo 55. Gari la watu watano ni kilo 275, dereva akiwemo. Kama wewe una kilo 75, umebakiwa na 200 za mzigo. Ukimpakia msaidizi wa kilo 70, umebakiwa na 130.

Pima boksi moja kwenye mzani wa bafuni, zidisha. Mimi nilipopima nilishtuka. Siku nyingine nilikuwa nimezidisha kilo 90 na nalaumu barabara.

Mzigo mzito uweke karibu na mgongo wa kiti cha nyuma, chini. Ukiuweka mwisho kabisa wa buti, nyuma inalala zaidi na mbele inakuwa nyepesi, usukani unaelea. Na upepo wa tairi soma kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usikadirie kwa kupiga teke.

Bei ya kupeleka mzigo

Hili ndilo la mwisho na ndilo la biashara. Wengi tunahesabu mafuta tu tunapomtajia mteja bei ya kupelekewa. Mafuta 8,000, unamwambia 10,000, unaona umepata 2,000. Hujapata. Tairi, shokapu na bushi zimetembea njia hiyo hiyo na hukuzilipa.

Mimi sasa kila safari naweka 3,000 pembeni kwenye laini ya simu ambayo siigusi. Kwa safari 20 za mwezi ni 60,000. Kwa mwaka ni 720,000. Siku shokapu ikivuja sikopi, sisubiri, na simpelekei mteja mzigo kwa gari linalogonga.

Yule mama wa Goba? Miezi minne baadaye alinitumia ujumbe, anataka seti za chai 6 za kikundi chao. Nilipomfikishia akafungua maboksi yote mbele yangu, moja moja, hakuna lililolia. Akanilipa. Sikumweleza habari za springi, maana mteja halipii springi. Analipia kikombe kizima.

Kesho asubuhi kabla hujapakia, chukua futi upime tairi nne. Halafu utuandikie hapa chini: gari lako ni lipi, unabeba nini, na kushoto na kulia vimepishana kiasi gani? Mwenye fundi mwaminifu wa mambo ya miguu ya gari amtaje eneo alipo, tusaidiane. Na kama una rafiki anayetaka kukata springi wikiendi hii, mtumie hii haraka kabla grainda haijawaka.